Dawa za Uzazi na Afya ya Mtoto: Je, Kutumia Dawa ni Kukosa Kumtegemea Mungu?



Dada yetu mmoja, aliyefanya baiat pamoja na mumewe miaka michache iliyopita, ametuletea barua ambayo tumeona vema kuijibu hadharani, maana maswali yaliyomo si yake peke yake. Ameolewa yapata miaka minane na hajajaliwa mtoto. Daktari alimpima, akaona kwamba mayai yake ya uzazi hayapevuki kila mwezi kama inavyotakiwa, akamwandikia vidonge viitwavyo letrozoli. Alipofika nyumbani akaisoma karatasi iliyomo ndani ya pakiti, akakuta imeandikwa kwamba dawa hiyo ni ya saratani ya matiti, na kwamba ni marufuku kwa mwanamke mwenye mimba. Akaingiwa na hofu kubwa. Jirani akaongeza la kwake, kwamba watoto wa dawa huzaliwa viwete. Mama mkwe naye anamsihi aachane na hospitali, aende kwa mganga wa kwao. Na mtu mwingine, ambaye hujiita mwenye dini, amemwambia kuwa mwanamke anayetafuta mtoto kwa vidonge amekwisha kata tamaa na Mungu. Vidonge hivyo vimo kabatini mpaka leo, havijaguswa.

Dada huyo anauliza mambo mawili: Je, nikitumia dawa hizi, mtoto wangu atazaliwa na kasoro? Na je, kuzitumia ni dhambi, au ni upungufu wa imani?

Tutajaribu kuyajibu yote mawili kwa msaada wa Mwenyezi Mungu. Tutaanza na hilo la pili, kwa kuwa ndilo msingi.

MTOAJI NI MMOJA

Kurani Tukufu katika Sura Ash-Shura inatufundisha kwamba ufalme wa mbingu na ardhi ni wa Mwenyezi Mungu. Humpa amtakaye watoto wa kike, humpa amtakaye watoto wa kiume, wengine huwapa wote wawili pamoja, na amtakaye humwacha bila uzazi. Mafundisho haya yanatupa kanuni mbili kubwa. Ya kwanza ni kwamba mtoto ni hiba; hakuna mganga, wala daktari, wala kidonge kiwezacho kuumba hata unywele mmoja wa mtoto. Ya pili ni kwamba kukosa mtoto hakukutajwa hapo kuwa ni laana wala adhabu. Kumetajwa kuwa ni mojawapo ya hali ambazo waja wa Mungu huwamo, wema na wasio wema.

Ushahidi wa jambo hili umo katika nyumba ya Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. mwenyewe. Bibi Aisha r.a. hakuzaa mtoto hata mmoja. Je, daraja yake ilipungua? La hasha! Yeye ni Mama wa Waaminio, na sehemu kubwa ya elimu ya dini tuliyo nayo leo imetufikia kwa ulimi wake. Basi wale wanaomwita mke wa mtu tasa kwa dharau, na wale wanaomsimanga mwana wao mpaka amwache mkewe, na wamwogope Mungu. Wakumbuke pia kwamba madaktari wakipima mke na mume huona mara nyingi kuwa kasoro iko kwa mume, ama peke yake ama pamoja na mkewe. Ni dhuluma kumpima mmoja na kumlaumu mmoja.

Lakini je, kwa kuwa Mtoaji ni Mungu, inafaa mtu akae tu akingoja? Tuangalie habari ya Nabii Zakaria a.s. Alikuwa mzee, kichwa chake kimeng'aa kwa mvi, na mkewe hakuwa na uzazi. Akamwomba Mola wake kwa sauti ya siri. Katika Sura Al-Anbiya Mwenyezi Mungu anaeleza jinsi alivyompokelea dua yake na kumpa Yahya. Na hapo pana neno ambalo wasomaji wengi hulipita bila kulitafakari: inaelezwa kwamba Mungu alimtengeneza mkewe, yaani alimponya upungufu uliokuwa ndani ya mwili wake. Mwenyezi Mungu angaliweza kumwangusha mtoto Yahya kutoka mbinguni. Lakini hakufanya hivyo. Alikitengeneza kile kilichokuwa kimeharibika, kisha mimba ikaja kwa njia ya mimba zote. Basi kulitengeneza tumbo lenye ugonjwa si kazi inayopingana na dua. Ndiyo njia ambayo jibu la dua ya Nabii wa Mungu lilipitia.

Naye Nabii Ibrahimu a.s., kama ilivyosimuliwa katika Sura Ash-Shuara, alimsifu Mola wake kuwa yeye Ibrahimu akiugua, Mungu ndiye amponyaye. Angalia adabu ya Nabii huyu: ugonjwa ameuhusisha na nafsi yake, na uponyaji ameuhusisha na Mungu. Mtukufu Mtume s.a.w. alipoulizwa na watu wa jangwani kama wajitibu, aliwaamuru wajitibu, akaeleza kwamba Mungu hakuuweka ugonjwa ila ameuwekea na dawa yake, isipokuwa uzee. Na yule aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kumfunga, kwa madai ya kumtegemea Mungu, aliambiwa amfunge kwanza, kisha amtegemee Mungu.

Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa a.s., alilieleza jambo hili kwa urefu katika kitabu chake Barakatud-Dua, alichokitoa mwaka 1893 kumjibu Sir Sayyid Ahmad Khan, aliyekuwa akiona kwamba dua haina athari katika mambo yaliyokwisha kadiriwa. Hoja yake, kwa maneno yetu, ni hii: kadari haikuzuia dawa kufanya kazi yake, maji huzima kiu na dawa hutuliza homa, na yote yako chini ya kadari. Basi kwa nini dua peke yake isemwe kwamba haina kazi? Dawa ni sababu, na dua ni sababu. Aliyeziweka zote mbili ni Mmoja. Na Khalifa wake wa kwanza, Hadhrat Maulana Hakim Nuruddin r.a., alikuwa tabibu mashuhuri aliyemtibu hata Maharaja wa Jammu na Kashmir. Je, tutasema kwamba mtu yule, ambaye kumtegemea kwake Mungu ni mfano kwetu sote, alikuwa akiwafundisha wagonjwa wake ukosefu wa imani?

Naam, ndugu msomaji ambaye bado unachunguza na unatoka katika mafundisho ya Kikristo, nawe unayo mafunzo ya namna hii katika kitabu chako. Imesimuliwa katika Mwanzo, mlango wa 30, jinsi Raheli alivyozitamani tunguja alizoziokota mwana wa Lea, kwa kuwa watu wa siku zile walidhani tunguja huleta mimba. Alizipata tunguja, lakini aliyeshika mimba ni Lea aliyezitoa. Na Raheli akapata mtoto baadaye, Mungu alipomkumbuka. Basi si kila kinachoitwa dawa ni dawa. Inatupasa kupambanua.

TUSIFUATE TUSILOLIJUA

Sasa tuje katika swali la kwanza. Hapa tunaongozwa na amri mbili za Kurani Tukufu. Katika Sura Bani Israili tumekatazwa kulifuata jambo tusilolijua, kwa kuwa sikio na jicho na moyo vyote vitaulizwa. Na katika Sura Al-Hujurat tumeamrishwa kwamba tukiletewa habari na mtu asiyeaminika, tuipeleleze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Amri hizi zinamhusu jirani anayesema kwamba watoto wa dawa huzaliwa viwete, naye hana ushahidi. Zinamhusu pia muuza duka anayesema kwamba dawa hizi hazina neno lolote, naye hajui anachokiuza.

Ni kweli kwamba wako madaktari waliowahi kukosea. Kuanzia miaka ya 1940, huko Marekani na katika nchi nyingine, wanawake wengi wenye mimba walipewa dawa iitwayo diethilistilbestroli, au kwa ufupi DES, kwa kudhaniwa kwamba inazuia mimba kuharibika. Mwaka 1953 uchunguzi uliofanywa Chicago ulionyesha kwamba haizuii. Hata hivyo iliendelea kutolewa. Mwaka 1971 madaktari wa Boston walieleza habari za wasichana 8 waliopata saratani adimu ya uke, na mama za 7 kati yao walikuwa wamepewa DES wakati wa mimba. Mwaka huo huo serikali ya Marekani ikawaonya madaktari wasiwape dawa hiyo wajawazito. Na kabla ya hapo, thalidomaidi, iliyoanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1957 na kuondolewa mwaka 1961, iliwaacha maelfu ya watoto wakiwa na mikono na miguu iliyokatika. Basi hofu ya dada yetu si upumbavu. Ni hofu ya mama, na ina sababu yake katika historia.

Lakini tuangalie tofauti. DES na thalidomaidi zilimezwa na wanawake ambao tayari walikuwa na mimba, wakati viungo vya mtoto vinaumbika. Dawa za kupevusha mayai, kama klomifeni na letrozoli, kwa kawaida humezwa kwa siku tano tu, mwanzoni mwa mwezi wa mwanamke, karibu na siku za hedhi, kabla yai halijatoka na kabla mimba haijatungwa. Kazi yake ni kuushtua ubongo ili tezi iliyo chini yake itoe vichocheo vya kulikuza yai. Letrozoli hupungua mwilini kwa nusu kila baada ya siku mbili hivi, kwa hiyo mimba inapojishika katika mji wake, dawa imekwisha kuondoka kwa sehemu kubwa sana. Klomifeni, ambayo iliruhusiwa Marekani tangu mwaka 1967, hukawia zaidi mwilini, nayo imetumiwa na wanawake wengi mno kwa zaidi ya nusu karne.

Hapa basi ndipo ulipo ufumbuzi wa ile karatasi iliyomtisha dada yetu. Karatasi inasema kweli: dawa hiyo ilitengenezwa kwanza kwa ajili ya saratani ya matiti, na ni marufuku kwa mwanamke mwenye mimba. Kwa sababu hiyo hiyo, daktari mwangalifu humpima mwanamke kwanza kuhakikisha kwamba hana mimba, ndipo ampe. Katazo lile linalinda mimba. Halisemi kwamba mtoto atakayetungwa baadaye ataharibika.

HABARI YA LETROZOLI

Yaliyotokea kuhusu letrozoli ni funzo zuri la ile amri ya kupeleleza habari. Mwaka 2005, katika mkutano wa madaktari uliofanyika Montreal, Kanada, ilitolewa habari kwamba katika watoto 150 waliozaliwa baada ya mama zao kutumia letrozoli, kasoro za moyo na mifupa zilionekana kuwa nyingi kuliko katika watoto wapatao 36,000 waliozaliwa bila dawa. Habari ikaenea duniani, na watengenezaji wakawaonya madaktari. Je, walikosea kuonya? Hapana. Kutahadhari kwanza ni haki ya mtoto ambaye hawezi kujisemea.

Lakini wenye elimu wakauliza: je, makundi yale mawili yanalingana? Wanawake wanaotafuta matibabu ya uzazi mara nyingi wana umri mkubwa zaidi, na baadhi yao wana maradhi mengine. Kuwalinganisha na wanawake wote wanaojifungua ni kama kulinganisha mzigo wa punda na mzigo wa mbuzi. Ndipo mwaka 2006 madaktari wa Kanada wakatoa uchunguzi mwingine wa watoto 911, ambao mama zao wote walikuwa wametibiwa uzazi. Katika watoto 514 wa letrozoli, waliokuwa na kasoro walikuwa 14. Na katika watoto 397 wa klomifeni walikuwa 19. Ongezeko lililohofiwa halikuonekana.

Kisha mwaka 2014 ukatolewa Marekani uchunguzi mkubwa wa wanawake 750 wenye ugonjwa wa vifuko vingi katika ovari, ambao ndio ugonjwa unaozuia mayai ya wanawake wengi kupevuka. Waligawanywa kwa kura. Katika waliopewa letrozoli, 27.5 kwa kila 100 walijifungua mtoto hai. Katika waliopewa klomifeni, 19.1 kwa kila 100. Watoto wenye kasoro kubwa walikuwa 4 upande wa letrozoli na 1 upande wa klomifeni. Hesabu ndogo ambayo wataalamu hawakuiona kuwa tofauti ya kutegemewa, lakini hawakuificha, wala sisi hatukufichi. Kutokana na uchunguzi kama huu, miongozo ya kimataifa ya mwaka 2018 na 2023 iliiweka letrozoli mbele kwa wanawake wenye ugonjwa huo.

Ndugu msomaji, inafaa ujue pia kwamba watoto wapatao 3 kwa kila 100 huzaliwa na kasoro fulani kubwa hata pale ambapo mama hakumeza kidonge chochote. Hii ni hesabu ya Marekani, ambako huandikwa kwa uangalifu. Basi mtoto akizaliwa na mdomo wa sungura au na tundu la moyo baada ya dawa, haifuati kwamba dawa ndiyo iliyoleta.

HATARI ILIYO WAZI ZAIDI

Je, tuseme basi kwamba dawa hizi hazina hatari? La! Yako mambo mawili ambayo kila mwenye kutaka kuzitumia lazima ayajue.

La kwanza ni mimba ya watoto wengi. Dawa ikikuza yai zaidi ya moja, mama huweza kushika mapacha au zaidi. Kwa klomifeni mimba za mapacha ni chini ya 10 kwa kila 100. Lakini kwa sindano zenye nguvu za vichocheo huweza kufika hata 30 kwa kila 100. Wako watu wanaoshangilia wakisikia hivi, na wako hata wanawake wenye uzazi mzuri wanaotafuta vidonge kwa siri ili wapate pacha. Hawajui wanaloliomba! Watoto wakiwa wengi tumboni huzaliwa kabla ya wakati, wakiwa wadogo, mapafu hayajakomaa, na ubongo uko katika hatari. Mwaka 1997 katika jimbo la Iowa, Marekani, mwanamke aliyetibiwa kwa sindano hizo alizaa watoto 7, na dunia nzima ikastaajabu kwamba wote waliishi. Lakini wawili kati yao walikuwa na udhaifu wa viungo utokanao na ubongo. Nao walizaliwa penye madaktari wengi na mashine za kila aina. Je, hospitali yetu ya wilaya ina vitanda vingapi vya kutunzia watoto njiti? Mafundisho ya Kurani katika Sura Al-Baqara, kwamba tusijitie katika maangamizo kwa mikono yetu wenyewe, yanahusu jambo hili hasa.

La pili ni kujitibu bila daktari. Mwaka 2012 ulitolewa uchunguzi wa Australia Kusini uliohusu uzazi 308,974, ambao kati yake 6,163 ulikuwa wa kusaidiwa na madaktari. Kasoro zilionekana katika watoto 8.3 kwa kila 100 wa waliosaidiwa, na 5.8 kwa kila 100 wa wengine. Lakini walipopima umri wa mama na mambo mengine, sehemu ya tofauti hiyo ikaondoka. Na hata wanawake waliokuwa na historia ya ugumba wakashika mimba wenyewe bila matibabu, watoto wao nao walionyesha ongezeko. Maana yake ni kwamba sehemu ya hatari hutoka katika ugonjwa wenyewe. Lakini liko jambo moja katika uchunguzi ule ambalo halifai kupuuzwa: kwa kundi dogo la wanawake waliotumia klomifeni nyumbani, hatari ilionekana kufika kiasi cha mara 3. Kundi lilikuwa dogo, kwa hiyo hatuwezi kulifanya kuwa hukumu. Lakini mwenye akili huchukua onyo. Anayemeza nyumbani bila kupimwa huenda akameza akiwa tayari ana mimba.

Zaidi ya hayo, kidonge cha kupevusha yai hakifungui mirija iliyozibwa na maradhi ya zinaa yasiyotibiwa, wala hakiongezi mbegu kwa mume aliyepungukiwa. Mtu anaweza kumeza mwaka mzima na kupoteza fedha na umri, kumbe ugonjwa uko pengine. Mtukufu Mtume s.a.w. alifundisha kwamba anayejifanya tabibu bila kujulikana kuwa na elimu ya tiba, yeye ndiye mwenye kudaiwa madhara atakayoyaleta. Hadithi hii inamhusu muuza vidonge asiye na elimu, na inamhusu mganga wa ramli vile vile.

KUHUSU MGANGA

Kwa mama mkwe tunasema kwa heshima: Mama, nia yako ni njema, unataka mjukuu, na ni haki yako kutamani. Lakini uliingia au ulilelewa katika dini ya Mungu Mmoja, na mganga atakuambia kwamba mimba imefungwa na jirani, au na jini, au na mzimu wa babu. Hapo atakuwa amechukua kwako vitu vitatu: fedha zako, amani yako na jirani, na Tauhidi yako. Hicho cha tatu hakirudishwi kwa mjukuu. Wala dawa za majani zinazochemshwa hazina karatasi yoyote ya kutuonya, kwa kuwa hakuna aliyewahesabu watoto waliozaliwa baada yake. Ile karatasi ya hospitali iliyokutisha, mama, imeandikwa na watu walioamua kusema wanachokijua. Asiyekuonya lolote si kwamba hana hatari, huenda hajahesabu.

LA KUFANYA

Basi, dada yetu, na wote walio katika hali kama yako, ushauri wetu ni huu:

Kwanza, rudi kwa daktari yule yule ukiwa na karatasi yako mkononi, na umwulize waziwazi yote yaliyokutia hofu. Kuuliza si utovu wa adabu. Nenda na mumeo, naye apimwe.

Pili, usimeze kidonge kabla ya kuhakikishwa kwamba huna mimba, wala usizidishe kipimo ulichoandikiwa, wala usimgawie mwenzako.

Tatu, mwombe daktari vidonge vya foliki asidi, na uvianze kabla ya kushika mimba. Mwaka 1991 uchunguzi ulioongozwa kutoka Uingereza ulithibitisha kwamba dawa hiyo ndogo na ya bei nafuu hupunguza sana kasoro ya mgongo wazi. Wengi wanaogopa vidonge vya uzazi, nao hawajui kwamba kiko kidonge kinachomlinda mtoto.

Nne, ukishika mimba, hudhuria kliniki mapema, ili ijulikane kama ni mtoto mmoja au zaidi.

Tano, matibabu na yawe kati ya mume na mkewe tu. Uislamu unalinda nasaba. Mbegu ya mtu mwingine haina nafasi katika ndoa.

Sita, na hili ndilo la kwanza kwa daraja ijapokuwa tumelitaja mwisho: simama usiku, wewe na mumeo, mumwombe Mungu kama Zakaria a.s. alivyomwomba. Na ombeni mtoto mwema, msiombe mtoto tu. Mama yake Bibi Maryamu alimweka wakfu kwa Mungu kile kilichokuwa tumboni mwake kabla hajakiona, na kwa kuufuata mfano huo Hadhrat Khalifatul Masih wa Nne r.h. alianzisha mwaka 1987 mpango wa Waqfi Nau, ambao wazazi wa Jumuiya yetu huwatoa watoto wao kwa ajili ya dini kabla hawajazaliwa.

AKIZALIWA NA KASORO, AU ASIPOZALIWA

Limebaki neno moja, nalo ni zito. Hesabu tulizozitaja zinasema pia kwamba hata katika waliopewa dawa bora, zaidi ya 70 kwa kila 100 hawakupata mtoto katika muda wa uchunguzi ule. Na hata katika walio salama kabisa, wako wanaozaa mtoto mwenye kasoro. Je, hapo tuseme Mungu amewaadhibu?

Siku aliyofariki Ibrahimu, mwana mdogo wa Mtukufu Mtume s.a.w., jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo chake. Baba huyo mwenye huzuni angaliweza kunyamaza, nao wangaliendelea kuamini. Hakunyamaza. Aliwaeleza kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kifo wala kwa uhai wa mtu yeyote. Hivyo ndivyo alivyotukataza kuyafanya mambo ya maumbile kuwa alama za hasira ya Mungu juu ya nyumba ya mtu. Na Nabii Isa a.s., kama Injili ya Yohana inavyosimulia katika mlango wa 9, alipoulizwa na wanafunzi wake juu ya kipofu wa kuzaliwa, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, aliwakanusha yote mawili. Basi hakuna Mwislamu wala Mkristo mwenye ruhusa ya kumtazama mtoto mlemavu na kumtafutia mama yake dhambi.

Mtoto aliyezaliwa baada ya dawa si mtoto wa dawa. Ni mtoto wa baba yake na mama yake, na mja wa Mola wake, sawa na aliyezaliwa bila dawa. Akiwa mzima, tunashukuru. Akiwa na kasoro, tunamtunza, tunamtibu, na tunashukuru. Na nyumba ikibaki bila mtoto, yatima wako wengi, na Mtukufu Mtume s.a.w. ameahidi kuwa pamoja na mlezi wa yatima Peponi, kwa ukaribu wa vidole viwili vya mkono mmoja.

Dada yetu, vidonge vilivyo kabatini mwako havina uungu ndani yake, na wala havina shetani ndani yake. Ni kamba ya kumfungia ngamia. Mfunge kwa elimu, mbele ya ajuaye kufunga. Kisha inua mikono yako kwa Yule ambaye ngamia na kamba ni vyake.

Mwenyezi Mungu akujalie wewe, na kila nyumba inayongoja, watoto wema wenye afya. Na akiwanyima hilo, asiwanyime ridhaa Yake. Amin.